Daraja la Nyumba na Haki ya Kuuliza

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wanakijiji

Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kodi ya nyumba, na hasa juu ya jambo moja: mtu afanye nini akiona kwamba nyumba yake imepimwa kupita kiasi chake. Sisi si mawakili, wala si watoza kodi. Kazi yetu ni ya ukarani, na kazi hiyo imetufundisha neno moja, kwamba lililoandikwa katika karatasi huondolewa kwa karatasi nyingine, haliondolewi kwa kelele.

Habari tutakazozieleza ni za Uingereza. Huenda mzee mmoja akasema moyoni mwake, "Mambo ya huko yatuhusu nini sisi?" Twamjibu kwa heshima kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, watoto wetu wakaao huko leo si wachache. Wamepanga nyumba na wengine wamenunua, nao hulipa kodi hii kila mwaka, na wengi wao huilipa bila kujua kwamba mtu ana ruhusa kuuliza. Ya pili, kodi ya nyumba ni kitu kimoja popote pale. Kila serikali itozayo kodi hiyo sharti ipime nyumba kwa njia fulani, na kila apimaye aweza kukosea. Basi mwenye busara hujifunza kwa shauri la mwenziwe kabla la kwake halijafika.

Kodi haianzi kwa fedha, huanza kwa kuhesabu. Mwaka 1662 Waingereza walianza kuhesabu meko, na kila meko likatozwa shilingi 2 kwa mwaka. Mwenye kuhesabu hakuwa na budi kuingia ndani mpaka chumba cha kulala ili ayaone. Watu walichukia sana kuingiliwa majumbani mwao, na mwaka 1689 kodi hiyo ikafutwa. Kisha mwaka 1696 wakahesabu madirisha, kwa kuwa dirisha huonekana hata na mtu asimamaye njiani. Watu wakafanya nini? Wakaziba madirisha yao kwa matofali, wakachagua giza kuliko kulipa. Kodi ile ilidumu mpaka mwaka 1851, na hata leo mtu atembeaye katika miji yao ya kale aweza kuona nyumba zenye madirisha yaliyozibwa.

Kwetu nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka rupia 3 kwa kila kibanda, na Wadachi upande wa Tanganyika nao walitoza kodi ya vibanda. Wazee wetu walisimulia jinsi jamaa walivyosongamana, watu wengi chini ya paa moja, ili mwenye kuhesabu akute vibanda vichache. Mwingereza aliziba dirisha, na babu zetu walibomoa kibanda. Hila ni mbili lakini mama yake ni mmoja. Mtu akiona kodi haina mlango wa kuulizia, atatafuta tundu la kutorokea.

Sasa tuje kwenye kodi ya siku hizi. Zamani nyumba za Uingereza zilitozwa kwa kadiri ya pango ambalo zingeweza kuleta. Ikaja serikali ya Bibi Margaret Thatcher, ikaiondoa kodi hiyo na kuweka kodi ya kichwa, Uskoti mwaka 1989, na Uingereza pamoja na Wales mwaka 1990. Neno la kodi ya kichwa halihitaji kufasiriwa mbele ya wazee hawa. Tajiri mwenye jumba kubwa alitozwa sawa na mfanyakazi akaaye chumba kimoja, ingawa maskini kabisa walipunguziwa. Watu walikasirika, wengi wakakataa kulipa, na tarehe 31 Machi 1990 palikuwa na ghasia kubwa katikati ya London. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Bibi Thatcher akaondoka katika uwaziri mkuu, na kodi ya kichwa ilikuwa mojawapo ya sababu zilizomdhoofisha.

Waliomfuata hawakuwa na budi kupata njia nyingine upesi. Wakatunga sheria mwaka 1992, na tarehe 1 Aprili 1993 ikaanza kodi iitwayo Council Tax, yaani kodi ya halmashauri ya mji, nayo ndiyo ilipayo gharama za shule, takataka, taa za njiani, utunzaji wa wazee na kazi nyingine za mji, pamoja na fedha zitokazo serikalini. Kodi hii haihesabu vichwa wala madirisha. Huweka kila nyumba katika daraja lake.

Madaraja ya Uingereza ni manane, nayo yameitwa kwa herufi tangu A mpaka H. Nyumba yenye thamani isiyozidi pauni 40,000 iliwekwa katika A. Iliyozidi hapo mpaka 52,000 ni B. Mpaka 68,000 ni C. Mpaka 88,000 ni D. Mpaka 120,000 ni E. Mpaka 160,000 ni F. Mpaka 320,000 ni G. Na iliyopita hapo ni H. Uskoti wana mipaka yao iliyo chini kuliko hii. Wales walipima upya kwa bei za tarehe 1 Aprili 2003, wakaongeza na daraja la tisa, I.

Twawaomba mlishike sana neno hili: thamani hizo za Uingereza si bei za leo. Ni bei ambayo nyumba ingaliuzwa siku moja tu, nayo ni tarehe 1 Aprili 1991. Hata nyumba iliyojengwa miaka mingi baadaye huulizwa swali lile lile, "Kama ungalikuwapo siku ile, ungaliuzwa kwa kiasi gani?" Asiyelielewa neno hili atakwenda kushtaki kwa bei ya jana, na shauri lake litaanguka kabla hajakaa kitini.

Je, daraja hugeuka fedha kwa njia gani? Kila mwaka halmashauri huweka kodi ya daraja D, na hiyo ndiyo kipimo cha yote. Igawanyeni katika mafungu 9. Daraja A hulipa mafungu 6, B mafungu 7, C mafungu 8, na D mafungu yote 9. Kisha E hulipa 11, F 13, G 15, na H 18. Tufanye mfano mwepesi. Kama D ni pauni 1,800, basi fungu moja ni pauni 200. Mtu wa C atalipa 1,600, wa A 1,200, na wa H 3,600. Kwa hiyo mtu aliyewekwa D naye alistahili C, hupoteza pauni 200 kila mwaka, na katika miaka 10 amepoteza 2,000. Fedha hizo si kidogo kwa mtu alipwaye mshahara wa kawaida.

Wako Waingereza wengi wasemao kwamba mpango wote huu umepinda. Husema kwamba nyumba ya H yaweza kuwa na thamani mara 8 ya nyumba ya A au zaidi, lakini kodi yake ni mara 3 tu. Tena kwamba bei za mwaka 1991 zimekuwa kama nguo ya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Maneno yao yana uzito. Lakini shauri hilo ni la Bunge. Mwenye nyumba hawezi kulipeleka mbele ya mkadiriaji, kwani mkadiriaji hakutunga sheria. Awezalo kuuliza ni hili tu: "Kwa sheria hii hii iliyopo, je, nyumba yangu imewekwa mahali pake?"

Na swali hilo si la bure, maana kazi ya kupima ilifanywa kwa haraka. Nyumba zilikuwa mamilioni na muda ulikuwa mfupi. Serikali iliajiri na madalali wa nyumba wasaidie, na nyumba nyingi hazikuingiwa ndani. Mpimaji alipita njiani na motokaa yake mwendo wa pole, akatazama mbele ya nyumba, akaandika herufi, akaendelea. Basi haishangazi kwamba pengine nyumba mbili zilizo pacha zilipata herufi mbili. Haraka haraka haina baraka.

Hapa tutawapa kisa cha jamaa yetu mmoja, mtoto wa baba yetu mdogo, aliye dereva wa basi katika mji mmoja wa Uingereza. Jina lake na la mji wake tutayaacha. Yeye na mkewe waliweka akiba miaka mingi, wakanunua nyumba ndogo ya matofali katika safu ya nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta. Hati ya kodi ilipofika ilisema daraja D. Akalipa. Mwezi wa tano tangu kuhamia, alipokuwa akizungumza na jirani yake uani, akasikia kwamba nyumba ya jirani ni daraja C. Jirani huyo ni mama mzee, amefiwa na mumewe, na nyumba yake na ya jamaa yetu ni kama macho mawili ya uso mmoja: vyumba sawa, ua sawa, hata ngazi ni zile zile.

Jamaa yetu akapandwa na hasira. Usiku ule akatupigia simu, akasema, "Kaka, wamenionea kwa kuwa mimi ni mgeni. Kesho nitawaandikia maneno makali." Tukamwambia, "Ndugu, ngoja kwanza. Daraja hilo liliandikwa mwaka 1993, ulipokuwa bado shuleni huku kwetu. Aliyeandika D hakukujua wewe wala rangi yako. Tafuta kwanza liko wapi kosa, ndipo uandike." Akanyamaza, kisha akakubali.

Kesho yake akafungua orodha ya madaraja. Orodha hiyo iko wazi kwa watu wote. Mtu yeyote aweza kuisoma katika mtandao wa serikali bila kulipa hata senti, akaona daraja la kila nyumba ya mtaa wake. Akahesabu nyumba 12 za safu yao. Nyumba 9 zilikuwa C, na 3 zilikuwa D, yake ikiwa mojawapo. Akatoka kwenda kuzitazama zile D nyingine mbili, akaona kwamba zina chumba kilichoongezwa nyuma tangu zamani. Yake haikuwa na chumba hicho. Hapo akajua kwamba ana neno la kusema.

Lakini alipokuwa akisoma masharti ili aandike, akakuta neno lililomfanya aweke kalamu chini. Masharti yalisema kwamba mtu akiomba daraja lake litazamwe upya, laweza kushuka, laweza kubaki, na laweza hata kupanda. Tena wakadiriaji wakiona kwamba nyumba za majirani ndizo zilizowekwa chini mno, waweza kuzipandisha hizo. Basi kama ukweli wa safu ile ulikuwa D, barua yake isingemsaidia yeye, ila ingemtwika mama mzee wa watu mzigo asioutazamia.

Sasa alibanwa pande mbili. Mtu aliyeingia nyumba mpya hupewa miezi 6 kupeleka pingamizi rasmi, naye alikuwa amekwisha tumia mitano. Katika siku zile zile mtu mmoja akampigia simu, akasema kwamba kampuni yake hushughulikia mambo hayo, na kwamba atapata fedha nyingi kama atakubali kuwakatia sehemu. Jamaa yetu akamwuliza mkewe. Mke akajibu kwa maneno machache tu: "Kwetu mtu hapeleki barazani shauri linalomgusa jirani kabla ya kubisha hodi kwa jirani mwenyewe. Na kalamu unayo. Kwa nini ununue mkono wa mtu?"

Jioni ile wakaenda wote wawili kwa yule mama, wakamweleza yote wala hawakumficha hatari. Mama akasikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akainuka akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ya zamani. Ndani yake mlikuwa na hati ya kununulia nyumba ile. Yeye na marehemu mumewe waliinunua mwaka 1990 kwa pauni 64,500.

Ninyi mnaokumbuka hesabu tuliyoitaja mmekwisha ona. Pauni 64,500 ni zaidi ya 52,000, wala hazifiki 68,000. Ni daraja C barabara. Na wakadiriaji wa Uingereza huzitazama bei za mauzo yaliyofanywa kati ya tarehe 1 Aprili 1989 na 31 Machi 1993, kwa kuwa ziko karibu na siku ile ya kipimo. Hati ile moja ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba nyumba ya mama imo mahali pake, na kwamba nyumba pacha yake haikustahili D. Jirani aliyeogopa kumdhuru ndiye aliyekuwa na silaha yake ndani ya mtoto wa meza.

Akaandika basi. Hakuandika maneno makali. Alitaja nyumba yake, akataja anwani za nyumba 5 za safu ile zilizo C, zenye umri, ukubwa na umbo moja na yake, akaeleza kwamba yake haina chumba cha nyuma, akatia na nakala ya hati ya mwaka 1990 kwa idhini ya mwenyewe. Wakati wote huo aliendelea kulipa kodi ya D kila mwezi kama alivyodaiwa, kwa maana kuuliza si ruhusa ya kuacha kulipa. Haikupita miezi 4, jibu likaja: daraja limeshushwa kuwa C, na ziada aliyoilipa tangu siku alipoingia nyumba itarudishwa. Daraja la mama halikuguswa.

Kisa hakikuishia hapo. Katika kuyasoma masharti jamaa yetu aliona kwamba mtu mzima akaaye peke yake hupunguziwa robo ya kodi, lakini sharti aombe. Mama yule alikuwa akilipa kodi kamili tangu mumewe alipofariki, kwa kuwa katika msiba hakuna aliyemkumbusha. Wakaandika barua ya pili, mara hii ya mama, nayo ikakubaliwa. Mkono mmoja haulei mwana.

Wazee wetu, hatutaki mtoke hapa mkidhani kwamba kila aulizaye hushinda. Sivyo. Wengi huuliza wakajibiwa kwamba daraja lao ni sawa, na sababu kubwa ni kwamba walileta malalamiko wala hawakuleta ushahidi. Basi kwa ajili ya wale wenye watoto huko, na kwa walimu watakaoulizwa habari hizi, twayaweka mambo kwa taratibu.

Kwanza, mtu atazame orodha, alinganishe nyumba yake na zile zifananazo nayo kweli, kwa umri, kwa ukubwa na kwa namna ya kujengwa, katika mtaa ule ule au wa karibu. Nyumba ya pembeni yenye ua mpana si pacha wa nyumba ya katikati.

Pili, atafute bei ya kale. Kumbukumbu za mauzo zilizo wazi kwa wote huko Uingereza zimeanzia mwaka 1995. Aweza kuzirudisha nyuma kwa hesabu ya kupanda na kushuka kwa bei ili ajipime mwenyewe kama ana shauri au hana. Lakini hesabu hiyo ya wastani isiletwe kama ushahidi, maana haikubaliwi. Ushahidi ni mauzo hasa ya nyumba hasa.

Tatu, vipimo hivi viwili vikubaliane. Majirani wakiwa chini lakini bei ikasema juu, mtu afikiri mara mbili, maana hapo ndipo mwenye kutaka kushushwa hupandishwa, na jirani naye pamoja.

Nne, azingatie siku. Aliye ndani ya miezi 6 tangu kuwa mlipaji ana haki ya pingamizi rasmi. Aliyechelewa hakufungiwa mlango wote. Aweza kuomba nyumba itazamwe upya akiwa na ushahidi wa nguvu, lakini ofisi ikikataa kubadili daraja, hana njia ya rufaa kama aliyewahi. Ikiwa nyumba yenyewe imebadilika, kama vile sehemu yake kubomolewa au kugawanywa, hiyo nayo ni sababu ya kuuliza. Na anunuaye nyumba ajue hili: mwenye nyumba akiongeza chumba, daraja halipandi yeye akiwamo, lakini laweza kupandishwa nyumba itakapouzwa.

Tano, mwenye pingamizi rasmi asiporidhika na uamuzi ana miezi 3 ya kukata rufaa mbele ya baraza la mashauri ya makadirio, ambalo si sehemu ya ofisi iliyopima. Kufika mbele yake hakulipiwi, wala hapana lazima ya wakili. Mtu husema shauri lake mwenyewe, akaulizwa, akajibu.

Sita, asimlipe mtu kwa kazi awezayo kuifanya kwa kalamu yake na stempu moja.

Basi sisi tumejifunza nini? Tumeona kwamba kodi ile si kamilifu. Wenyewe waitozao hukiri hivyo. Lakini ina mambo matatu yatufaayo kuyatazama wakati miji yetu nayo ikipanga kodi za majengo. Orodha yake iko wazi, hata mtu aweza kujua jirani yake amepimwaje. Kipimo chake kimetajwa, yaani bei ya siku moja ijulikanayo. Na mtu asiyeridhika ana mlango wa kubisha, tena nyuma ya mlango huo pana mwamuzi asiye yule aliyempima. Pasipo mambo hayo matatu, hata kodi ndogo huonekana kama dhuluma. Yakiwapo, mtu aweza kulipa kodi kubwa na bado akalala usingizi.

Kwa wazee wenye mabaraza twasema: mtu akija kuuliza jinsi alivyopimwa, asidhaniwe kuwa mkaidi. Mkaidi hujificha, aulizaye amekuja mchana kwa miguu yake. Aonyeshwe daftari. Akiwa amekosa, aelezwe kwa upole. Akiwa amekosewa, daftari lisahihishwe mbele yake, kwa maana daftari lililosahihishwa halimwaibishi karani, ila lile lililoachwa na kosa ndilo limwaibishalo. Nasi makarani twajisemea wenyewe hapo.

Na kwa mwenye kuuliza twasema: uliza kwa hati, uliza kwa wakati, uliza ukiendelea kulipa, na kabla ya yote piga hodi kwa jirani yako. Jamaa yetu alidhani kwamba shauri lake ni baina yake na ofisi tu. Alipokumbushwa na mkewe desturi ya kwao, akakuta kwamba karatasi aliyoihitaji ilikuwa upande wa pili wa ukuta wake, imekaa miaka yote ile ikimngoja aje aulize.

Mwenye swali na aulize.